Wiki ya tisa nasubiri majibu ya MEPS, faili langu limelala wapi?

Swali la msomaji:

"Dada shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22, nimezaliwa Mwanza, tulihamia hapa Fort Worth, Texas nikiwa na miaka 13 baada ya mama kushinda ile bahati nasibu ya grini kadi. Nimeomba kuingia Army, jeshi la nchi kavu la hapa Marekani. ASVAB, ule mtihani wa kuingia jeshini, nimepasi vizuri, MEPS, kile kituo cha kupima afya, nikaenda, macho sawa, masikio sawa, nikachuchumaa nikatembea kama bata, kila kitu fresh. Mwisho daktari akanambia kwenye mfumo wao inaonekana niliandikiwa inhela nikiwa na miaka 16, akaandika 3P, akasema nisubiri. Leo ni wiki ya tisa. Rikruta, yule anayeandikisha vijana jeshini, nikimpigia anajibu neno moja tu, subiri. Dada mi sijawahi kuugua pumu, lilikuwa kohozi la mafua, hiyo inhela niliivuta kama siku nne nikaitupa. Mjomba anasema kosa langu ni kukubali, ningekataa tu kwamba sio mimi. Kazini nilishaaga, mama ameshatangaza kanisani. Nisubiri, nihamie Navy, jeshi la majini, au niachane nayo?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole. Naanza na kazi kwa sababu hilo ndo limeniuma kuliko yote: kama ile notisi uliyotoa haijaisha basi kesho asubuhi rudi kwa bosi wako umwombe akurudishie zamu zako, na kama imeshaisha tafuta kitu cha kushika hata cha muda. Hakuna mtu anayetakiwa kuacha kazi kabla hajaapa na kupewa tarehe ya kusafiri mkononi, na wewe bado hujafika hapo. Mama na kanisa tutawashughulikia baadaye, wale wataendelea kukuombea tu, hawana hasara.

Kwa wasionijua, nilikuwa medik jeshini miaka minane, sasa hivi ni nesi, na haupiti mwezi bila mtoto wa mtu kuja kuniwekea makaratasi ya MEPS kwenye meza ya jikoni. Kwa hiyo hili lako nimeliona mara nyingi, la inhela hasa.

Sasa hiyo 3P. Najua umeisoma ukaona "permanent" ukahisi mlango umefungwa, na kwa Kiswahili chetu ukitafsiri utasema "nimekataliwa milele". Sio hivyo. Kwenye ile fomu ya uchunguzi, DD 2808, kuna herufi sita, P U L H E S, kila herufi ni sehemu ya mwili: P ni mwili kwa ujumla na mapafu yako yanaingia humo, U mikono na mabega, L miguu, H masikio, E macho, S akili na hisia. Chini ya kila herufi daktari anaandika namba. Moja maana yake hana neno na wewe, tatu maana yake hapo hujafika kiwango. Halafu pembeni ya tatu anaweka T au P, na hii P usiichanganye na ile P ya mapafu. T ni ya muda, yaani kidonda hakijapona, presha ilipanda siku hiyo, umefanyiwa upasuaji juzi, nenda urudi tarehe fulani. P maana yake jambo lenyewe halitabadilika kwa kusubiri, kwa sababu ni historia, na historia haiponi. Uliandikiwa inhela ukiwa na miaka 16, hata ukisubiri mpaka uote mvi bado utakuwa uliandikiwa inhela ukiwa na miaka 16. Ndo maana ni P. Ila P inaweza kuombewa ruhusa ya pekee, ambayo kila mtu anaiita weiva, na watu kibao wamevaa zile buti wakiwa na 3P kwenye mafaili yao.

Shida yako kubwa ni kwamba hujui unasubiri nini. "Nasubiri MEPS" haitoshi. Kuna foleni zaidi ya moja na kila moja ina mlango wake, na wengi wanaonipigia simu wanakuwa wamesimama kwenye foleni ambayo haipo kabisa, yaani wao wanadhani kuna daktari mahali anasoma faili kumbe faili halijatoka kwenye dawati la rikruta.

Foleni ya kwanza ni ya MEPS wenyewe. Hawa ni kituo cha kupima watu wa majeshi yote, viko 65 nchi nzima chini ya kamandi moja iliyoko kule Illinois, na daktari wa pale sio wa Army wala Navy, hana idadi ya watu anayodaiwa kujaza kwa mwezi. Kazi yake ni kukulinganisha na kitabu cha viwango na kuandika alichoona. Anaweza kusema nahitaji karatasi zaidi, au anaweza kukupeleka kwa daktari bingwa wa nje kwa gharama zao wenyewe. Hapo unasubiri MEPS kweli.

Foleni ya pili ni ya weiva, na hiyo haiko MEPS. Daktari wa MEPS hatoi weiva, hana hayo mamlaka. Akishaandika 3P kazi yake imeisha, sasa ni jeshi uliloomba ndo linaamua kama linakutaka na hilo tatizo lako. Na hapa ndo mafaili yanakofia mdogo wangu, maana ombi la weiva haliendi lenyewe. Lazima ofisi ya rikruta iliandae, iambatanishe karatasi, ilipandishe juu. Kama rikruta ana vijana wengine sita walio safi wanaoweza kusafiri mwezi huu na wewe ni wa makaratasi, we mwenyewe piga hesabu atashughulika na nani kwanza. Simlaumu sana, ana namba zake za kufikisha, ila ndo ukweli.

Na kwa kuwa una grini kadi na hujawa raia, kuna foleni nyingine ya uchunguzi wa historia yako, alama za vidole, ulikoishi, ndugu walioko nje. Hiyo inatembea kivyake, na mtu anaweza kupata weiva leo akakaa tena kusubiri hiyo. Nakutajia tu ili isije ikakushtua.

Kwa hiyo acha kumuuliza rikruta "vipi kuna jipya?", maana swali hilo jibu lake ni "subiri" tu. Muulize hivi, tena kwa meseji ili ibaki maandishi: je, ombi langu la weiva limeshatumwa, na kama limetumwa, lilitumwa tarehe ngapi na likiwa na karatasi zipi? Akikupa tarehe, hapo uko kwenye foleni halali, kaa utulie. Akianza kuzunguka zunguka, oh mfumo ulikuwa chini, oh tunasubiri kidogo, ujue halijatoka. Na wiki tisa bila wewe kuombwa hata karatasi moja ya hospitali, naomba nikwambie tu, mimi nahisi halijatoka.

Sasa tuje kwenye pumu yenyewe. Viwango vyao huwa vinarekebishwa mara kwa mara ila mstari ambao wamekuwa wakiutumia ni siku uliyotimiza miaka 13. Ukiwa na pumu ya utotoni ikaisha kabla ya hapo, hawana shida na wewe. Baada ya hapo, kifua kubana, kupumua kwa mlio, dawa za kufungua njia ya hewa, vyote wanaviangalia. Na sikiliza hapa vizuri, wanaangalia kuandikiwa AU kutumia. Yaani hata kama hiyo inhela hukuifungua, kule kuandikiwa tu kwa ajili ya pumu kunatosha kukusimamisha. Kwa hiyo ile hoja yako ya "nilivuta siku nne nikaitupa" haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni hayo maneno mengine niliyoyaweka hapo, KWA AJILI YA. Iliandikwa kwa ajili ya nini?

Hiyo dawa hapa wanaiita albuterol, kwetu ni salbutamol ile ile, na kule nyumbani kila mama anaijua ile sirapu ya kikohozi chenye mlio. Hapa Marekani madaktari wa zile kliniki za haraka, zile unaingia bila miadi, wanagawa inhela kama pipi. Mtoto ana mafua, kifua kimechafuka, anaandikiwa inhela apumue vizuri wiki moja, basi, hakuna mtu aliyesema ana pumu. Lakini kwenye mfumo wa MEPS kinachoonekana ni jina la dawa na tarehe, na umri wako siku hiyo. Daktari wa MEPS akiona albuterol kwa mtoto wa miaka 16 afanyeje? Anaandika 3, na mimi ningekuwa pale ningeandika 3 vile vile.

Kazi yako ni kuleta karatasi zinazojibu hilo swali. Ya kwanza ni maelezo ya daktari ya siku ile ile. Barua mpya ya kusema kijana huyu ni mzima na ana tabia njema haisaidii hapa. Nataka ukurasa alioandika yule daktari siku umekaa mbele yake na mama pembeni. Pale kuna sehemu ya ugonjwa na pembeni kuna kodi, yaani herufi na namba zinazowakilisha ugonjwa huo. Zinazoanza na J45 ni za pumu. J20 ni mkamba wa ghafla, ile bronkaitisi. J06 ni mafua ya kawaida ya njia ya juu. R05 ni kikohozi tu. Ukikuta J20 au J06 au R05 na hakuna J45 popote, mdogo wangu nenda kale ugali kwa raha, hoja yako ina miguu. Ukikuta J45 usipanike, ila hapo ujue njia ni ndefu zaidi na itabidi upimwe mapafu.

Ya pili, na hii watu wengi hawaijui, ni historia ya dawa kutoka famasi. Nenda famasi ile ile mliyochukulia, mwambie unataka orodha ya dawa zote ulizowahi kuchukua kuanzia miaka 13 mpaka leo, wanaitoa kwenye printa pale pale au ndani ya siku chache. Mtu mwenye pumu anarudi. Inhela inaisha, anajaza tena, msimu wa poleni anajaza tena, dawa nyingine inaongezwa. Wewe kama unachosema ni kweli basi orodha yako itakuwa na inhela moja tu, hakuna kujaza tena, miaka sita kimya. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo ya ukurasa mmoja ikifanya kazi ambayo barua tatu za madaktari hazikufanya. Kama mlibadilisha famasi, pita zote, ila ikikosekana moja utaulizwa.

Ya tatu ni kipimo cha kupuliza, kile cha mapafu, unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote mara tatu nne hivi. Hiki usikimbilie kujilipia mwenyewe kwanza, maana wakikitaka mara nyingi wanakupeleka wao, na wakitaka kile cha methakolini, ambacho wanakuvutisha dawa ya kuchokoza kifua waone kama kitabana, basi wanataka kifanywe wanavyotaka wao. Ila ukiambiwa ulete, leta. Na siku ya kupima kama una mafua ahirisha, usijifanye komando.

Kuhusu kupata hayo maelezo ya daktari, usiogope kuyadai, ni haki yako kisheria. Ukiomba kwa maandishi wana siku 30 kukupa, wakichelewa wanaruhusiwa kuongeza 30 nyingine lakini lazima wakwambie kwa maandishi kwa nini. Ulikuwa mtoto wakati ule lakini sasa una zaidi ya 18 kwa hiyo unaomba wewe, sio mama. Usiombe "rekodi zangu", watakupa muhtasari wa ukurasa mmoja usio na kichwa wala miguu. Omba maelezo kamili ya ziara ya tarehe fulani, pamoja na vipimo na maagizo ya dawa. Tena fanya haraka, maana kliniki hazitunzi mafaili milele, Texas daktari anadaiwa kutunza miaka 7, na wewe miaka sita imeshapita, na hizi kliniki ndogo zinafungwa na kuuzwa kila siku. Ukikuta wameandika pumu kimakosa, kuna haki ya kuomba warekebishe, sio lazima wakubali ila lazima wakujibu.

Haya, mjomba. Namheshimu mjomba wako na najua anakupenda. Ushauri wake ulikuwa ushauri wa mjini miaka ile. Mimi mwenyewe nilipoingia rikruta alitukalisha vijana wanne kwenye gari yake asubuhi bado giza akatwambia kila swali la daktari jibu ni hapana, na wakati huo daktari alikuwa hana pa kuangalia zaidi ya mdomo wako. Machi 2022 mambo yakageuka, MEPS wakaanza kutumia mfumo unaoitwa MHS Genesis, na huo unavuta taarifa kutoka hospitali za kiraia, famasi, bima, kabla hata hujavua viatu. Ndo maana daktari alikuwa na inhela yako kabla hujafungua mdomo. Ungesema sio mimi, angekugeuzia skrini ukaona jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, na hapo ungekuwa na matatizo mawili, inhela na uongo. Inhela ina weiva. Uongo kwenye fomu ni kosa la kijeshi, wana kifungu chake kabisa, 104a, cha kuingia jeshini kwa udanganyifu, na hakijali kama umeshamaliza mafunzo. Na wewe una kitu zaidi cha kupoteza kuliko kijana aliyezaliwa hapa, maana uraia unaoupata kupitia jeshi unaweza kunyang'anywa ukifukuzwa kwa sifa mbaya kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Mwambie mjomba nimemsalimia.

Ila kusema ukweli nako kunataka akili, na hapa nawaongelea vijana wote wa kwetu, sio wewe peke yako. Kuna kijana aliniletea faili lake, mtoto wa Shinyanga, ana chale kifuani, vile vistari vidogo vidogo pande mbili alivyochanjwa na babu akiwa mchanga kwa sababu alikuwa analia usiku. Daktari akamuuliza hizi ni nini. Yeye Kiingereza kikamkimbia, akajibu neno moja, wembe. Sasa hebu fikiria daktari wa Kimarekani, kijana wa miaka 19, vistari vimepangana kifuani, na neno wembe. Akaandika kwamba huenda anajikata mwenyewe. Akapelekwa kwa daktari wa akili, miezi ikaenda, kwa sababu ya chale! Angesema ni tiba ya jadi, nilichanjwa nikiwa mtoto mchanga na ndugu wa familia, ingeisha pale pale. Kwa hiyo kila kovu ulilonalo liandalie sentensi moja ya Kiingereza iliyonyooka kabla hujaenda. Kimeo kama ulikatwa, jua kwamba akikwambia fungua mdomo useme aaa atashangaa hakioni. Kidole tumbo ulichofanyiwa hospitali ya wilaya ambayo haina hata kompyuta, tafuta ndugu aende physically akaombe barua yenye mhuri, hata ya kusema tu mafaili ya mwaka huo hayapo, maana "hayapo" yenye mhuri ni karatasi, na "hayapo" ya mdomo sio kitu.

Na lile kovu la begani la BCG, chanjo ya TB. Wengi wetu tulichomwa kile kipimo cha ngozi cha TB tulipofika huku, mkono ukavimba kama andazi, tukaambiwa tuna TB iliyolala. Chanjo yenyewe inaweza kufanya hivyo. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo, kwa hiyo kama kwenye rekodi yako kuna kile cha ngozi tu, ni vizuri ujue mapema. Na kama ulimeza vile vidonge vya kuzuia ukamaliza dozi, ile barua ya kumaliza kutoka idara ya afya ya kaunti itafute sasa hivi, kwa sababu kumaliza dozi bila barua mbele ya hawa watu ni sawa na hujameza.

Unauliza uhamie Navy. Unaweza, kwa sababu kila jeshi lina watu wake wa kuamua weiva na lina mahitaji yake, Army ikikataa haimaanishi Navy au Air Force wamekataa. Lakini 3P yako inakufuata, ni faili lile lile na daktari aliyeandika ni yule yule, unabadilisha tu anayeamua. Ukihama sasa hivi bila karatasi unaenda kukaa mwisho wa foleni nyingine ukiwa mtupu vile vile. Kusanya karatasi kwanza, mpe rikruta wa Army, akikataa kupandisha ombi au likarudi limekataliwa, hapo hama ukiwa na bahasha yako mkononi. Uchunguzi wa MEPS na matokeo ya ASVAB vyote vinakaa miaka miwili, kwa hiyo hukimbizwi na mtu, usikubali mtu akutishe kwamba utaanza moja. Ila usikimbie na marikruta wawili kwa wakati mmoja kimya kimya, wanajuana na watakuona kigeugeu.

Wakati unasubiri, mwili nao. Vijana wanapata 3P wanaingia kwenye kochi, miezi mitatu baadaye weiva inakuja, anarudi MEPS kupimwa tena uzito maana siku ya kusafiri wanakuangalia tena, na kapita kiwango. Ni huzuni kweli. Army wana ile kozi ya maandalizi Fort Jackson tangu Agosti 2022 kwa waliozidi mafuta kidogo, lakini kwa nini ufike huko. Kimbia, kwa sababu mbili, uzito ni moja, nyingine ni kwamba mtu anayekimbia maili mbili siku tatu kwa wiki bila inhela ana cha kumwambia daktari bingwa akiulizwa kifua kikoje. Presha yako ukiwa na wasiwasi na umekunywa kopo mbili za zile enaji asubuhi itapita 140 kwa 90 na utapewa tatu nyingine bure. Usichore tatuu mpya bila kumuuliza rikruta. Macho yako sawa kwa hiyo usianze habari za leza, maana ukifanyiwa unasubiri siku 180 nyingine. Na ukiumwa nenda hospitali, sijasema ujifiche, mtu akiumwa atibiwe, ila ukiwa mbele ya daktari muulize kabisa anaandika ugonjwa gani na umsomeshe hali yako vizuri, asije akakupa inhela ya pili kwa mafua ya Desemba.

Akikaa kimya rikruta baada ya kumpa kila kitu, mpe kama wiki mbili, kisha muombe kwa adabu kuongea na bosi wa kituo, kila ofisi ina mkuu wake. Huko bado kukiwa kimya kuna ofisi ya mbunge wa eneo lako kwenye Kongresi, wana watu kabisa wa kuuliza jeshi kuhusu mambo ya wananchi na wakazi, na mwenye grini kadi ni mkazi. Lakini hiyo ni fimbo ya mwisho, usiianze nayo, maana ukimpiga mtu fimbo leo kesho hakupi kiti.

Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitano. Yangu ilikuwa hiyo hiyo TB ya mkono kuvimba. Nilikuwa na barua, nilikuwa na eksirei, nikampa rikruta vyote nikarudi nyumbani nikawa nangoja simu kama mchumba. Mwezi wa tano nikaenda ofisini bila kualikwa, nikakuta kuna rikruta mpya, yule wa kwanza kahamishwa, na faili langu liko kwenye droo na mafaili ya wengine. Huyu mpya akafungua mbele yangu, akahesabu, akanambia barua yako ina ukurasa wa kwanza tu. Ile sahihi ya daktari ilikuwa ukurasa wa pili. Ilibaki kwenye mashine ya kopi, nadhani, au iliangukia chini ya kiti cha gari, sijui na sitajua. Nilikuwa na nakala nyumbani, kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro kama hati ya shamba. Nikaileta mchana ule ule. Wiki ya tatu nikaitwa.

Kwa hiyo ukipata zile karatasi za kliniki na famasi usimpe mtu nakala halisi. Piga kopi, andika namba kwa kalamu kwenye kila ukurasa, moja kati ya tisa, mbili kati ya tisa, na upige picha mpaka ule wa mwisho wenye mstari mmoja tu chini. Halafu niandikie umekuta kodi gani, J20 au J45, tuongee vizuri.